Kilo Moja na Nusu

Kaloleni, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki,
mlango wa bati, kufuli tatu,
kibali cha serikali kwenye fremu iliyopasuka kioo:
hapa ndipo wanaponiletea vidole vyao.

Wao husema wameleta bunduki.

Anyelwisye kaja Jumatatu, mvua inaanza,
kailaza mezani, kafungua chemba bila kuambiwa
(hapo nikampenda kidogo)
akasema, "Fundi Aikande, kifyatulio hiki ni punda.
Navuta, navuta, kimegoma.
Kikikubali, shabaha imeshahama nyumba."
Kule kitaluni alimkosa nyati.
Hapana. Hakumkosa, na hilo ndilo lililomleta:
alimpata tumboni.
Siku ya kwanza walifuata damu kwenye miiba,
siku ya pili wakafuata nzi.

Nikatoa mizani ya bucha, ile ya ndoano,
nikaitia kwenye ulimi wa chuma, nikavuta taratibu.
Kilo tatu na ushei. Na njiani mkwaruzo,
kama wali uliopikwa na changarawe zake.
Kiwandani hawakumjua Anyelwisye.
Walimjua wakili,
wakakaza kamani kwa kuogopa mahakama.

"Nifanyie nusu kilo," akasema.
"Kiwe kama pumzi."

Kama pumzi.
Baba yangu aliwahi kumtengenezea mtu kama pumzi,
mwaka ule sukari ilipokuwa ya kupanga foleni.
Landrova ikaruka shimo karibu na Longido;
hakuna kidole kilichogusa kitu.
Loshilaa, mfuata nyayo, alipanda nyuma na miguu miwili.
Alishushwa na mmoja.
Kila mavuno Baba alimpelekea gunia la mahindi.
Hawakulizungumza. Gunia lilishushwa,
chai ikanywewa, gari likarudi.

"Kilo moja na nusu," nikamwambia.
"Chini ya hapo katafute fundi mwingine,
na usinitajie jina lake."

Alinuna mpaka Alhamisi.

Jino la ndani silipigi tupa.
Vijana huko mtaani hulisugua ling'ae,
lakini jino likishalegea kwenye ufizi
halikuagi siku linapong'oka.
Nikatoa mtambo wote,
nikaweka mwingine, umekuja kwa ndege
ndani ya karatasi ya nta kama jibini.
Robo mzunguko. Mizani. Robo tena. Mizani.
Skrubu nikaifunga kwa tone la rangi ya kucha,
nyekundu, ya binti yangu; bado hajajua inakoishia.
Kisha, chemba tupu, nikaipiga kwa nyundo ya mpira:
kitako, ubavu, kitako,
nikaidondosha juu ya zulia kuukuu mara kumi,
mara kumi nikashika pumzi, nikisikiliza shimo la Longido.

Halikuita.

Alipokuja akalenga kalenda ya chama cha kahawa,
mwezi wa Machi, tarehe yoyote.
Tk.
Akageuka kunitazama kama mtu aliyeita jina gizani
akaitikiwa karibu kuliko alivyodhani.
Akalenga tena. Tk.
"Ningekuwa nacho siku ile..."

Nilimwacha. Sentensi hiyo naijua,
wengi huiacha hapa bila kuimaliza
pamoja na kifyatulio cha zamani.
Akahesabu noti, akasaini daftari,
akaifunga bunduki kwenye mfuko wake
kwa upole ambao Jumatatu hakuwa nao,
au labda ilikuwa baridi tu, vidole vimekufa ganzi.

Cha zamani nimekitupia kwenye kopo la Kimbo.
Limefika nusu. Ukilitikisa, linalia kama njugu.

Mwezi wa saba, mahindi yakikauka,
nitalipia tena gari la Longido.
Loshilaa hutia sukari vijiko vinne,
hukoroga polepole sana,
na mimi huketi upande wake wa kushoto,
palipo na nafasi.