Nyuzi Sitini na Mbili

Karatasi ya plastiki ni nyeupe, ngumu kama kadi ya mwaliko.
Itie majini, nyuzi sitini na mbili za joto,
uhesabu hadi mia na themanini bila haraka.
Huanzia kingoni: weupe unatoweka, unabaki ung'avu,
na kilichokuwa ubao kinakuwa ute wa yai
unaobebeka kwa mikono miwili.

Hapo kazi yangu inaishia, uso wa mtu unaanza.

Maabara yetu Łódź iko ghorofa ya tatu,
jengo lililokuwa kiwanda cha pamba;
sakafu bado ina matundu ya skrubu za mitambo.
Tulikuwa tumefika mchanganyiko wa arobaini na moja.
Wa tisa ulinata kwenye nyusi za Witold.
Wa ishirini na mbili ulifaa kwa yote, ila ulinuka siki.
Wa thelathini ulipasuka kidevuni, pah!
na Witold, ambaye ndevu zake tulizinyoa kwa ajili ya sayansi,
akasema heri angesomea sheria.

Wa arobaini na moja ulikuwa na kosa moja:
ukipoa, unasinyaa.
Milimita moja na nusu.
Si kitu, utasema. Lakini mwale hauna simile.
Hauulizi huu ni uvimbe au ni neva ya jicho,
unapita ulikoambiwa upite.
Basi kichwa sharti kilale leo kama kilivyolala jana,
siku thelathini,
na mwenye kichwa asikose pumzi.

Jagna wa chumba cha mionzi alituita tukaone.
Kitandani alilala Bi Leokadia Wrzos, miaka sabini na sita,
uvimbe nyuma ya pua,
mfumaji mstaafu wa mitambo ileile
iliyotoboa sakafu yetu.
Tukamfunika. Vitundu elfu mbili,
na katika kila kitundu ngozi ikichungulia.
Vifungo vikalia mezani, ta, ta, ta.
Dakika ya nne akainua kidole.

"Inanibana hapa," akagusa taya, "na bado inaendelea."
Akaichukua ile barakoa, akaisugua kwa kidole gumba
kama mtu anayekagua shuka dukani na haamini bei.
"Kitambaa kipya hulowekwa kabla ya kukatwa.
Kiacheni kinywee huko huko kwenu, ndipo mkilete kwa watu.
Nani aliwafundisha nyinyi?"

Witold akatazama dirisha. Mimi nikatazama viatu vyangu,
ambavyo vilikuwa na theluji, na vilikuwa vyangu.

Wa arobaini na mbili tuliupasha, tukaupoza,
tukaupasha tena. Kisha tukaupeleka
ukapigwe mionzi wenyewe, kabla ya mgonjwa yeyote,
ili minyororo yake ishikane, mtande kwa mshindio.
Ukasinyaa unene wa nywele tatu.
Sikulala usiku ule; nilikuwa napima tena.

Alivaa siku thelathini.
Nilimuuliza, anasali humo ndani?
Hapana. Anahesabu mishindio ya shuka moja
aliyoiacha mtamboni siku kiwanda kilipofungwa.
Alikuwa amebakiza shubiri mbili.

Siku ya mwisho Jagna akamwambia, ichukue nyumbani.
Wengine huitundika ukutani.
Wengine huipandia maua. Kijana mmoja aliikanyaga
kwa gari, akarudi nyuma, akaikanyaga tena.
Bi Leokadia akasema: irudisheni majini, nione.

Plastiki yetu ina kumbukumbu, na inachokumbuka si mtu,
ni ubapa wake.
Paji la uso lilikwenda kwanza, taratibu.
Mashavu yakafuata. Midomo ikawa mstari,
mstari ukawa hakuna.
Sekunde mia na arobaini, pua bado imesimama
peke yake katikati ya beseni.
Akainama, mvuke ukamlowesha miwani.

"Pua ya baba," akasema. "Haijawahi kukubali kirahisi."

Tukasubiri, sote wanne, tukihesabu.