Pini ya Sikudhani

Amelala kwenye kitanda cha mashine,
fundi cherehani wa Tabata Kimanga, sugu kidoleni.
"Mnatafuta nini hasa, mwanangu?"
Uvimbe, mama. Huenda ni mdogo sana.
"Kama pini?"
Mkubwa kidogo kuliko pini.

Miaka mitatu alfajiri ilikuwa ikimwangusha.
Kabla ya adhana, jasho, mikono yatetemeka,
amwita mumewe kwa jina la kaka yake marehemu.
Wakasema kifafa. Wakasema mizimu ya kwa mama yake.
Akanyweshwa kombe, akazinduka:
asali ya ndani ya kombe ndiyo iliyomzindua,
sifa akachukua mganga.
Akazoea kulala na kopo la sukari kando ya mto.
Akanenepa. Majirani wakasema ndoa imemkubali.

Hadi daktari mmoja kijana, pale Mwananyamala,
akamtoboa kidole katikati ya kuanguka:
moja nukta tisa.
Kumbe kongosho limeficha kitu
kinachomwaga insulini usiku kucha, ale asile,
bomba lililosahaulika wazi.

Picha ya kwanza haikuonyesha chochote.
Nimeikagua: ilichelewa.
Dawa ilikwisha kuenea, nyama yote weupe mmoja.

"Pini ikidondoka," anasema, macho darini,
"taa ya juu haikusaidii.
Laza tochi sakafuni, tazama kwa ubavu.
Itametameta mara moja. Ukipepesa, basi."

Chuoni walitumia sura nzima kuniambia hayo.

Utasikia joto, mama. Utadhani umejikojolea;
hujajikojolea.
Vuta pumzi. Shikilia.
Nje jenereta linakohoa, Upanga nzima haina umeme.
Ishirini na nane. Ishirini na tisa.
Sasa.

Mkiani mwa kongosho, jirani na bandama,
kitone cha milimita kumi na moja
kimewaka.
Sekunde ya sabini narudia: hakuna kitu,
nyama tupu, kimya, kama vile nilisingizia.

Pumua, mama.

Anaketi, anafunga kanga, anatafuta viatu kwa vidole vya miguu.
"Mmeiona?"
Kusoma majibu si kazi yangu.
Daktari atakuita, namwambia, Alhamisi,
na ninainama kumsogezea kiatu
ili asinione usoni.
Lakini huyu kakagua mishono miaka thelathini.
"Haya," anasema,
na anamenya peremende, taratibu,
kama mtu asiye na haraka nayo tena.