Milimita Sita za Hewa

Gunvor anasawazisha baruti kwa reki,
taratibu, kama mtu anayeanika unga
asiyetaka upepo ujue.
Chini ya baruti, bamba la titani.
Chini ya titani, milimita sita za hewa.
Chini ya hewa, feleji nene kama kamusi,
imepigwa msasa hadi inaona haya.

Ukiziyeyusha pamoja, hizi mbili,
huzaa kitu kigumu kinachokatika kama biskuti.
Hazipatani. Hilo hata Isak analijua,
na Isak kazi yake ni winchi.

King'ora.
Mbwa wa Gunvor keshatangulia uvunguni mwa lori.
Tunajibanza nyuma ya mlango wa mgodi
uliofungwa kabla babu yangu hajaoa,
tumeziba masikio. Theluji imelala
juu ya misonobari ya Värmland, haina habari.

Halafu
si sauti. Ni kifua kusogezwa.
Msitu mzima unavua nguo nyeupe kwa pamoja.

Ninachokijua ni hiki: bamba halikuanguka bapa.
Lilipinda kuanzia kona moja, likakimbia,
na mbele ya mbio zake likafagia ngozi za zote mbili,
utando, vumbi, alama ya kidole changu,
vyote vikatemwa nje upande wa pili.
Zikakutana tupu.
Hazikuyeyuka. Hazikupata wasaa.

Mwanahabari kutoka Karlstad aliwahi kuuliza:
kwa hiyo hii ni ndoa?
Gunvor, aliyekwisha kutalikiana na waume wawili,
alicheka hadi akakohoa.
"Ni ajali," alisema. "Ila imepimwa."

Jumatatu nakata kipande, nakisugua,
nakitia chini ya hadubini.
Mpaka wao si mstari. Ni mawimbi,
madogo, yaliyogandia katikati ya kuvunjika,
titani imepanda juu ya feleji, feleji juu ya titani,
na kila moja ingali na rangi yake.

Kisha naloanisha bamba lote,
napitisha kipimo cha mwangwi, shubiri kwa shubiri.
Pameshika. Pameshika.
Nakunywa kahawa. Pameshika.
Isipokuwa pale konani, upana wa krona tano,
pale Gunvor alipochomeka kiwashi.
Kila mara ni pale:
moto unapozaliwa bado hauna mwendo
wa kumshikanisha yeyote na yeyote.

Nazungushia chaki nyekundu.
Namwita Isak alete msumeno.