Usipeleke Jumatatu

Usipeleke Jumatatu, Lali.
Mimi ndiye nipigaye deki ghorofa ya tatu,
nazijua meza zile zilivyo asubuhi hiyo:
barua za wikendi zimelala chali kama dagaa uanikoni,
na Bwana Mwakio ndiyo kwanza anatoka Voi,
vumbi la njia bado liko shingoni,
hajanywa chai, hajamsalimu mtu.
Huzisukuma kwa ukingo wa kiganja
kama aondoaye makombo.

Wala Ijumaa.
Ikigonga saa sita nusu ya ofisi iko msikitini,
nusu iliyobaki roho zao ziko safarini.
Barua yako itatuliwa kikombe juu.
Nimeviona viduara vya chai
kwenye majina ya watoto wa watu.
Kimoja nilijaribu kukipangusa.
Hakikutoka.

Mwisho wa mwezi wanahesabu mishahara yao, si yako.
Katika mfungo, asubuhi ni wapole;
baada ya alasiri kaa nao mbali.
Na mwezi wa tano, mahoteli ya Bamburi yakifunga vyumba,
walioachishwa hupanda ngazi zetu na bahasha za kaki kama yako,
foleni inashuka hadi kwa bawabu,
wapishi, madobi, mabinti wa mapokezi,
wote ghafla wanajua ukarani wa forodha.

Ingoja siku simu zote zalia kwa pamoja,
kontena arobaini zimekwama Kilindini,
karani mmoja anaumwa jino.
Siku hiyo Mwakio hutamka mwenyewe, kwa sauti,
"Hivi hatuna watu?"

Na tangazo likisema mwisho ni saa 5:00, hiyo si saa tano yetu.
Ni kumi na moja ya jioni, kwa saa ya makaratasi.
Mbwana wa Mtongwe aliisoma kwa saa ya nyumbani,
akaituma kwa simu saa nne u nusu usiku,
kisha akalala
usingizi mtamu wa mtu aliyewahi.

Basi Jumanne. Saa nne kasorobo.
Atakuwa ameshamaliza mahamri yake mawili,
mkewe ameshapiga, wameshapatana.
Mimi nitakuwa koridoni na ndoo.
Usiniite shangazi.

Lakini Jumanne ngapi sasa, Lali?
Bahasha iko juu ya friji ya mamako,
kona zimeanza kujikunja,
kuna alama ya kidole cha mafuta, sijui cha nani.
Juzi ulisema unangoja mwezi uandame.
Kabla ya hapo ulingoja picha mpya, shati jipya,
jina la meneja liandikwe sawasawa.
Nami nilidhani nakufunza subira.
Huenda nilikuwa naulisha woga wako,
kijiko kwa kijiko.

Sikia, sijapata kukwambia hili.
Yangu niliipeleka Ijumaa.
Mwisho wa mwezi, mwezi wa tano, stima imepotea.
Karatasi ya daftari la shule, mistari ya buluu,
niliichana kwa pupa, pembe moja ikabaki daftarini.
Nilipofika juu maji yalikuwa yakichuruzika darini
hadi ndani ya mafaili,
na Mwakio, kijana wakati huo, suruali kaikunja magotini,
amekumbatia rundo la vitabu vya hesabu
kama mtu aokoaye watoto.
Akanitazama. Akaitazama sakafu.
"Mama," akasema, "tambara liko kule."

Ile barua hakuna aliyeisoma.
Nadhani niliipangusa mwenyewe
pamoja na yale maji.

Miaka kumi na minne.

Hata hivyo, Lali, Jumanne.
Jumanne hii.
Na uifunge kwa gundi, si kwa mate.