Pingili Sita

Fundi Maduhu alinipima kwa utepe wa mshonaji:
sentimita kumi na nne na nusu.
Akapima tena, akidhani utepe umeteleza.
"Dada Nyanjige, huu ni mkono au mpini wa mwiko?"
Nikacheka. Kibanda chake pale Makoroboi
kina upana wa mabega yake,
na saa ishirini ukutani, kila moja na ukweli wake.

Ilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha njano:
chuma kizito, uso mweusi,
visaa vitatu ndani ya saa
kama mayai kiotani,
na vibonye viwili ubavuni
vya kuziachia sekunde na kuzikamata.
Milimita arobaini na mbili.
Bonasi za miaka mitatu
ya kuhesabu minofu ya sangara
kwa walaji wasiojua Igogo iko wapi.

Aliyeniuzia alitazama nyuma yangu
akimtafuta mwanamume aliyenituma.
"Hii ya kiume, mama. Ya kike ipo, ina vito."
Vito sivijui, nikamwambia. Nataka inayohesabu.

Wiki ya kwanza, yenyewe ndiyo iliyonivaa.
Ilizunguka ikalala chini ya mkono,
ikanionyesha kifungo badala ya saa.
Nikikunja kiganja, kibonye kinanichoma,
kinaacha duara kama muhuri wa forodha.
Mkono wa blauzi ulikataa kupita juu yake.
Iligonga kitasa, ikagonga droo,
ikagonga jino la mtoto wa dada aliyetaka kuonyeshwa.
Ndalahwa wa stoo akapaza sauti:
"Mhasibu kavaa saa ya ukutani!"
Ofisi nzima ikaangua kicheko, nami nikiwemo,
ila nilimaliza kucheka kabla yao.

Nguo ya kuazima haisitiri, wanasema.
Sawa. Lakini hii nina risiti yake.

Maduhu akawasha taa, akabana lenzi jichoni.
"Watu hutazama upana wa uso. Kosa.
Tazama pembe, ya juu hadi ya chini.
Zikivuka mfupa, saa inaelea
kama ubao juu ya kopo.
Zako zimefika ukingoni, hazijavuka.
Una bahati ya unywele mmoja."
Kisha akaanza kung'oa pingili,
akisukuma pini kwa nyundo ndogo kama kijiko cha chai:
moja, mbili. Akanijaribisha. Tatu.
Nne. Akapuliza. Tano.
Ya sita, akasita.
"Wanaume wa dhahabu, wa Geita, huniletea niongeze.
Wewe wa kwanza kupunguza hivi."

Nikautazama mkono wangu juu ya kitambaa.
Ni wa mama. Mfupa huuhuu unaochomoza kama kokoto
ulianika dagaa Kayenze miaka kumi na tisa,
ukageuza, ukakusanya kabla ya mvua,
haukuwahi kuvaa kitu
ila raba ya kufungia mifuko.
Hakuna aliyeuambia kwamba ni mdogo.
"Toa," nikasema.

Pingili sita zimo ndani ya kiberiti, kabatini.
Nikizitikisa zinalia kama mbegu.

Sasa inakaa. Si vizuri sana:
jua likiwaka mkono huvimba, inabana;
asubuhi ya baridi inalegea kidole kizima.
Nimezoea kuisukuma juu ya mfupa
kama mtu anavyokaza kanga bila kufikiri.
Na nabonyeza. Ndiyo sababu niliinunua.
Nimempima bosi: dakika kumi na moja, sekunde nane
kabla hajasema "kwa kifupi."
Nimempima korongo wa Mwaloni
aliyesimama juu ya pipa asijitikise.
Nikachoka mimi kwanza.

Jana mama alikuja. Hakuuliza bei.
Alinishika mkono, akaiinamia, akaisikiliza,
kisha akanyoosha wa kwake.
Nikamvisha. Ikamkaa,
haikuhitaji kusogezwa.
Akabonyeza kibonye cha juu,
mshale ukaondoka,
naye akarudi kwenye ungo wa mchele
bila kuuliza unasimamishwaje.