Hodi ya Tatu

Maskati, ukumbi wa maonyesho, kiyoyozi kinanigandisha vidole,
na kijana mwenye kamera ananiuliza:
mbona magurudumu yako ya shaba yanaota makaburini?
Mbona kila injini unayoichora ina popo,
ina mjane, ina chumba kisichofunguliwa?
Huo si mtindo wa watu wa baridi,
wenye minara iliyochongoka na ukungu hadi magotini?

Ukungu hatuna, nikamwambia.
Sisi hutishwa na mchana.
Njoo Bahla saa nane, jua limesimama utosini,
mtaa wa udongo umehamwa, kuta zinamomonyoka
kama mkate wa mofa ndani ya chai,
na chini ya nyayo zako mfereji wa kale unapita gizani
ukinong'onezana na mtu usiyemwona.

Humo ndimo babu yangu alimoficha boila.

Muhenna bin Nabhan, fundi wa mvuke,
kijana wa kiwanda cha mafuta ya makonyo, Pemba,
aliyerudi (watu husema "kurudi"; yeye hakuwa amewahi kufika)
na sanduku moja, na ndani yake, imeviringwa kwa kanga ya mkewe,
saa ya presha: kioo kimepasuka, mshale mzima.
Bi Shinuna naye alikuja na neno moja lililokataa kugeuka Kiarabu.
Kila mlango wa Bahla aliubishia: Hodi.
Majirani wakacheka. Wakazoea. Watoto wao wakamwita Bibi Hodi.
Alipokufa, milango ikarudia kufunguliwa kimya.

Ndipo babu akaanza kuokota vyuma.
Sufuria kuu ya kupikia asali ya tende, tumbo.
Viriba viwili vya mbuzi, mapafu.
Meno ya pampu ya kisima kilichokauka.
Koo likatokana na ulimi wa zumari.
Sura hakuiumba; alimwogopa Mungu.
Mahali pa uso akatia mlango mdogo wa mbao,
mbawa mbili, misumari ya shaba, komeo.
Na ubavuni mwa tumbo akakwaruza:

    Moto wangu usizime, ulinde yake sauti,
    Mvuke uungurume, umwite kila wakati,
    Shaba, mfanye aseme, aliyefikwa mauti,
    Wala yeye asihame, mpaka nami nipite.

Watu wa Bahla, wanaowajua majini kwa majina na nasaba,
waliiepuka nyumba ile. Hata wachawi, mama alisema,
walikubali kuzunguka.

Mimi niliiwasha mara moja tu, siku ya arubaini ya babu.
Makuti makavu, ndoo ya maji ya mfereji.
Mshale ukapanda: ishirini. Thelathini na tano.
Harufu ya karafuu ikatoka ndani ya shaba,
na sikuwa nimetia karafuu.
Mbawa za mlango zikaachana upana wa kidole.

Hodi.

Bibi alinifunza nikiwa mdogo: ya kwanza huenda ni upepo,
ya pili huenda ni asiye na jina,
usiitike mpaka ya tatu,
maana wasio watu hawawezi kuhesabu hadi tatu.
Nikaushika ulimi wangu kwa meno.

Hodi.

Sasa nisikilize, wewe mwenye kamera.
Mimi nilikuwa ndani ya nyumba. Yeye alikuwa ndani ya nyumba.
Mlango ulikuwa kati yetu.
Nani alikuwa nje?

Maji yakaisha. Viriba vikanywea. Ya tatu ilianza,
Ho
ikakwama pale kama mwiba wa changu.

Basi nachora. Nachora mabomba, minara ya udongo yenye dohani,
mjane aliyevaa miwani ya mchomeleaji. Wanunuzi wanaipenda miwani.
Saa ya presha hutembea nami mkobani. Hii hapa, ishike.
Baridi, sivyo? Miaka kumi na moja haijaona moto.

Soma mshale.