Nusu ya Tusi

Kwetu, kaskazini mwa Quebec, matusi hayatoki mwilini.
Hatumtaji mama wa mtu wala maungo ya mtu.
Matusi yetu yako kanisani,
kwenye kabati la sakristia: kalisi, hostia, siborio,
na lile kubwa kuliko yote, tabernakulo,
kijumba cha dhahabu chenye mlango mdogo.
Ukijigonga nyundo kidoleni, hicho ndicho unachokibomoa.

Baba, Donat Thivierge, aliendesha greda la theluji.
Usiku kucha alikwangua barabara ya kwenda Mistassini,
na injini ikizimika katika baridi ya thelathini chini ya sifuri
aliitaja misa nzima, toka mishumaa hadi baraka ya mwisho,
bila padri.

Lakini nyumbani kulikuwa na Mama.
Aliweka mkebe wa kahawa juu ya jokofu.
Tusi zima: senti ishirini na tano.
Nusu tusi: bure.

Ndipo Baba akajifunza kukata kona.
Lilimtoka "Taba—" kama gari lililokosa breki,
akamwona Mama amegeuka, mwiko mkononi,
akaukata usukani: "—samu!"
Tabasamu! Buti limepasuka.
Tabasamu mara mbili! Mbwa kala nyama ya Pasaka.
Kalisi ikawa kalenda. Hostia ikawa hosteli.
Siborio ilimshinda; aliimalizia kwa kikohozi.

Sisi watoto tulicheka mpaka tukaangusha vijiko.
Kaka yangu Réjean alikuwa bingwa,
aliyaunga maneno kama mabehewa,
tabasamu la kalenda ya hosteli ya maharage ya bibi yako!
na Mama, mtunza sheria, akajifuta machozi kwa aproni
huku akitafuta humo ndani kosa la senti hata moja.

Siku moja nilimuuliza Baba:
kwani Mungu hajui ulichotaka kusema?
Alikuwa anafunga kamba za buti, zamu inamngoja.
"Anajua," akasema. "Lakini kaniona
nikijipangusa miguu mlangoni."

Machi ile barafu ya ziwa iliwahi kulainika.
Réjean alikuwa na pikipiki ya theluji ya kuazima, na haraka.
Polisi aliyekuja alikuwa kijana, Gaétan wa kwa akina Bouliane,
waliyesoma naye darasa moja.
Alisimama jikoni, theluji ikimyeyukia mabegani,
na sentensi yake hakuimaliza.

Mama aliimaliza.
Hakupiga kelele. Alilitamka lote,
silabi kwa silabi, ta, ber, na, ku, lo,
kama mtu anayeufungua ule mlango mdogo wa dhahabu,
akachungulia ndani,
akakuta hamna kitu.

Baba alikuwa amekaa. Akavua kofia.
Siku hiyo angeweza kutukana hadi paa ling'oke,
hakuna aliyekuwa akihesabu.
Midomo yake ilitafuta, ikatafuta,
kisha akasema, chini chini, "Tabasamu."

Sijui kama lilikuwa tusi.
Sijui kama alikuwa analitaja lile la Réjean,
lenye pengo la jino alilolivunja kwenye magongo ya barafu.

Gaétan aliondoka, akasahau glavu zake mezani.
Hazikuguswa mpaka baada ya mazishi.

Usiku, nikiwa kitandani, nilisikia sarafu
ikidondoka kwenye mkebe.
Hiyo niliijua ni ya nani.
Kitambo kikapita, upepo ukigonga dirisha,
ikadondoka ya pili.
Nililala nikiifikiria hiyo ya pili,
maana nusu tusi, kwetu, ilikuwa bure.